Mndimu kuanzia kitaluni hadi kwenye chupa ya achari: mwongozo kamili

Mindimu mingi inayokufa mashambani haifi kwa kukosa mbolea. Hufa kwa maji yaliyotuama shinani, au kwa sababu mche ulitoka kitaluni ukiwa tayari mgonjwa, na mwenye shamba hugundua mwaka wa tatu au wa nne, pale alipokuwa ameanza kuhesabu matunda. Kwa hiyo hapa mche na shimo vimepewa nafasi kubwa kuliko mifuko ya mbolea.

Ndimu ipi upande

Zipo mbili zinazofaa kufikiriwa. Ndimu ya kienyeji ni ile ndogo ya mviringo, ganda jembamba, mbegu nyingi, harufu kali, na mti wake una miiba mifupi inayochoma kwelikweli. Hii ndiyo ya achari, ya kukausha na ya kukamulia samaki. Ya pili ni ndimu ya Tahiti, ambayo ni kubwa, haina mbegu, miiba yake ni michache, na hupendwa na mahoteli kwa sababu inakatika vipande vizuri na ina juisi nyingi. Ukali na harufu yake ni hafifu kidogo.

Ukilimia nyumbani au soko la kawaida, panda ya kienyeji. Kama una mnunuzi wa hoteli au mgahawa, Tahiti inalipa zaidi. Kumbuka tu kwamba Tahiti haina mbegu, hivyo hupatikana kwa kubebesha, yaani kupandikiza jicho lake kwenye shina la mche mwingine, au kwa kuotesha mizizi tawini. Anayekuuzia “mche wa Tahiti wa mbegu” anakuuzia kitu kingine.

Kitaluni, usichanganye mndimu na mlimau. Jani la mndimu ni dogo, urefu wa sentimita 5 hadi 7 hivi, na kikonyo chake kina kibawa chembamba pande zote mbili. Jani la mlimau ni kubwa zaidi na kikonyo chake karibu hakina kibawa. Alama hiyo itakusaidia tena baadaye, shina la chini (la mche uliobebeshwa jicho) litakapoanza kuchipua.

Mbegu au kubebesha?

Kwa michungwa jibu ni kubebesha, wala hakuna mjadala. Kwa ndimu ya kienyeji mambo ni tofauti, na wengi wanaidharau mbegu bila sababu. Mbegu moja mara nyingi hutoa miche miwili au mitatu, na mingi kati ya hiyo ni nakala ya mti mama, kwa hiyo tunda halibadiliki sana. Zaidi ya hapo, virusi vya tristeza, ambavyo mndimu ni dhaifu mno mbele yake, havipiti kwenye mbegu. Mche wa mbegu huanza maisha ukiwa safi. Hasara yake ni kwamba unachelewa, kwani huzaa kati ya mwaka wa tatu na wa sita, wakati uliobebeshwa huanza mwaka wa pili au wa tatu, na miiba yake ni mingi zaidi.

Kuotesha mbegu hakuna ugumu, ila kuna sharti moja: mbegu ya ndimu haihifadhiki ikiwa kavu. Ikikauka hufa. Chukua matunda yaliyoiva hadi kuwa ya manjano kutoka kwenye mti wenye afya unaoujua, kata ganda tu bila kufikisha kisu katikati, kisha zungusha nusu mbili zitengane ili usizikate mbegu. Osha mbegu zitoke ute, tupa zinazoelea, anika kivulini saa chache tu, kisha panda siku hiyo au kesho yake. Panda kwa kina cha sentimita 1 hadi 1.5 kwenye mchanganyiko wa udongo wa juu sehemu mbili, samadi iliyooza sehemu moja na mchanga sehemu moja. Weka kivuli chepesi cha makuti, mwagilia kila siku kidogo. Zitaota baada ya wiki mbili hadi nne.

Miche ikifika sentimita 10, ng'oa iliyodumaa na ile ambayo majani yake hayafanani na wenzake. Hiyo ndiyo isiyo nakala ya mama. Iliyobaki hamishia kwenye viriba vya upana wa sentimita 15 na kina cha 25 au zaidi. Mzizi mkuu uliojikunja chini ya kiriba kifupi haunyooki tena, na mti wake hulala kwa upepo miaka mitano baadaye.

Kubebesha jicho, hatua kwa hatua

Shina la chini linalotumika sana kwetu ni la mlimau wa kienyeji wenye ganda la vinundu. Linastahimili mchanga na ukame, nalo linakua haraka. Udhaifu wake ni kuoza shina kwenye ardhi yenye maji mengi, jambo tutakalolirudia.

Subiri shina lifikie unene wa penseli, milimita 6 hadi 8, na lianze kutoa maji chini ya ganda, kiasi kwamba ganda linabanduka lenyewe. Hilo hutokea mche unapochipua. Ganda likikataa kubanduka, usilazimishe. Mwagilia kwa wiki moja ujaribu tena.

Macho yachukue kwenye kijiti cha mviringo kilichokomaa, cha chipukizi kabla ya lile jipya kabisa. Kijiti chenye pembe tatu bado kichanga. Kata majani ukiacha kipande kifupi cha kikonyo kiwe mpini wa kushikia jicho. Vijiti vifunge kwenye kitambaa kibichi na uvitumie siku hiyohiyo.

Kwenye shina, kwa urefu wa sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini, chana ganda wima sentimita 2.5, kisha kata mlalo wa sentimita 1 chini ya mchano huo, ipatikane herufi T iliyopinduka kichwa chini. Kwenye mvua nyingi T iliyopinduka ni bora kwa sababu maji yanayoteremka shinani hayaingii kwenye jeraha. Kata jicho na kipande chembamba cha ganda cha urefu wa sentimita 2, kisu kikipita mara moja bila kurudi, kisha lisukume ndani kutoka chini kwenda juu. Usiguse kwa kidole upande uliokatwa. Funga kwa utepe wa nailoni laini kutoka chini kupanda juu, ukibana vizuri.

Fungua baada ya siku 14 hadi 21. Jicho la kijani limeshika; la kahawia limekufa, na unaweza kurudia upande wa pili wa shina lilelile. Likishika, kunja au kata shina la chini sentimita 5 hadi 10 juu ya jicho, na kila wiki ondoa machipukizi mengine yote. Mche upo tayari kwenda shambani chipukizi jipya likifika sentimita 40 au zaidi na kuwa gumu.

Kisu ndicho kinachosambaza magonjwa kwenye vitalu vingi. Kati ya mti mama mmoja na mwingine, kitumbukize kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja ya dawa kwa tisa za maji, kisha kifute.

Kwa Tahiti, au kama mkono wako bado haujazoea kisu, otesha mizizi tawini. Chagua tawi la unene wa penseli hadi kidole, ondoa pete ya ganda ya upana wa sentimita 2 hadi 3, kwangua utelezi ulio juu ya mti, kisha funika kwa konzi ya makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kukamuliwa. Zungushia nailoni, funga juu na chini. Baada ya wiki sita hadi kumi utaona mizizi kupitia nailoni. Kata chini ya fundo, panda kwenye kiriba, weka kivulini mwezi mzima kabla ya shamba. Mti wa namna hii hauna mzizi mkuu, hivyo utahitaji kigingi dhidi ya upepo.

Mahali na shimo

Mndimu unapenda joto, jua la siku nzima, na udongo wa kichanga tifutifu wenye uchachu kati ya pH 5.5 na 7. Pwani yote hadi miinuko ya wastani inaufaa. Kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, kama sehemu za Unguja na Kilifi, unakua pia, ila chokaa nyingi ardhini huuzuia kupata zinki na chuma, na majani yatakuambia.

Kabla ya lolote, pima jinsi ardhi inavyonywa maji. Chimba shimo la kina cha sentimita 60, jaza maji, yaache yanywee, jaza tena. Kama maji ya pili bado yapo baada ya saa 24, usipande hapo kwenye usawa wa ardhi. Tengeneza tuta la kimo cha sentimita 40 na upana wa mita 1.5 na upande juu yake, au tafuta sehemu nyingine. Hakuna dawa itakayofanya kazi ya tuta.

Nafasi ya mita 5 kwa 5 inatosha. Ekari moja hubeba miti 160 hivi. Kwenye ardhi yenye rutuba nyingi, 6 kwa 6. Wanaopanda mita 3 kwa 3 wakitumaini mavuno mengi huishia na msitu wa miiba usioingilika na usiopata upepo wa kukausha majani.

Chimba mashimo ya sentimita 60 kila upande, wiki nne hadi sita kabla ya masika. Udongo wa juu uweke kando na wa chini kando. Changanya wa juu na debe moja hadi mawili ya samadi iliyooza kabisa, rudisha, acha ushuke. Samadi mbichi huunguza mizizi na kualika mchwa.

Siku ya kupanda, chagua jioni au siku ya mawingu. Ondoa kiriba chote. Bado wapo wanaokichana chini tu na kukiacha ubavuni. Weka mche ili sehemu mizizi inapoanza ibaki sentimita 5 juu ya usawa wa ardhi, kwa kuwa udongo wa shimo utashuka. Mahali palipobebeshwa pabaki wazi juu, angalau sentimita 15. Pakizikwa, lile shina la mlimau ulilolipanda kwa ajili ya kazi maalumu halina kazi tena, na kuoza huingilia hapo.

Sasa tengeneza kisahani cha maji, lakini kiwe cha pete: kilima kidogo cha udongo kuzunguka shina kwa sentimita 30, na mfereji nje yake. Maji yakae kwenye mfereji, shina libaki kavu. Matandazo ya nyasi au majani makavu yawekwe kwenye mfereji na nje yake, kimo cha sentimita 10, yasiguse shina.

Maji na mbolea

Kiangazi cha kwanza mpe kila mche lita 15 hadi 20 mara mbili kwa wiki kwenye mchanga, mara moja kwenye udongo mzito. Maji ya kisima yenye chumvi ni adui: ncha za majani huungua kahawia, kisha majani hudondoka yakiacha vikonyo. Kama huna mengine, mwagilia mengi kwa mara moja badala ya kidogo kila siku, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi.

Mbolea ya chumvichumvi gawa mara tatu kwa mwaka, udongo ukiwa na unyevu: mwanzo wa masika, mwisho wake, na mwanzo wa vuli. Mwaka wa kwanza gramu 100 za CAN (mbolea ya naitrojeni) kila awamu, wa pili 200, wa tatu 300, kuanzia wa tano 500. Nyunyiza chini ya ukingo wa matawi, si shinani. Samadi ongeza debe moja kila mwaka kwa mti mchanga, mpaka matatu kwa mti mkubwa. Kuzidisha naitrojeni hakuzai ndimu. Kunazaa machipukizi laini ambayo kila mdudu wa jirani atayasikia.

Kunde, maharage au karanga zinaweza kulimwa katikati miaka miwili ya kwanza. Jembe lisikaribie shina kwa mita moja, kwani mizizi inayolisha mti iko juujuu. Palizi ya karibu fanya kwa mkono au fyekeo.

Kupogoa ni kidogo: machipukizi yote yaliyo chini ya mahali palipobebeshwa, matawi makavu, yanayosuguana, na yanayogusa ardhi. Mndimu si mti wa kunyolewa.

Kusoma majani

Hapa ndipo fedha nyingi za dawa hupotelea, kwa sababu majani ya manjano yana sababu nyingi na watu hununua dawa moja.

Majani ya zamani yakiwa manjano kwa usawa, mti mzima ukififia, ni njaa ya naitrojeni. Majani machanga yakiwa madogo, membamba, yamesimama wima, na manjano kati ya mishipa ambayo bado ni ya kijani, ni upungufu wa zinki. Angalia nusu mbili za jani: kwa zinki, madoa ya kushoto na kulia yanafanana. Tiba ni kunyunyizia zinki salfeti gramu 5 na chokaa ya maji gramu 2.5 kwa kila lita ya maji, majani mapya yakiwa yamefikia theluthi mbili ya ukubwa wake.

Kama madoa hayafanani, upande mmoja wa mshipa mkuu una manjano na mwingine una kijani kibichi, na hali hiyo ilianza kwenye tawi moja, shuku ugonjwa unaojulikana duniani kwa jina la Kichina, huanglongbing. Matunda huwa madogo, yamepinda, na mbegu zake zimesinyaa. Unaenezwa na vidudu vidogo vinavyofyonza machipukizi. Yule wa Kiafrika, anayependa miinuko yenye ubaridi, huacha vinundu juu ya jani na mashimo chini yake. Yule wa Kiasia, anayestahimili joto, husimama kichwa chini na mkia juu, na watoto wake hutoa nyuzi nyeupe za nta; katika miaka ya 2010 alionekana Tanzania na Kenya. Mti ulioambukizwa hauponi. Mwite bwana shamba athibitishe, kisha ung'oe kabla haujaambukiza mingine.

Tristeza huenezwa na vidukari weusi wa michungwa na kwa vijiti vya kubebeshea. Inua jani changa kwenye mwanga: mishipa yake huonekana kama imekatikakatika, vipande vipande vyeupe. Bandua ganda la tawi, utakuta mti wa ndani una vijishimo virefu. Mndimu huathirika hata ukiwa juu ya shina la chini linalostahimili, kwa hiyo kinga pekee ni mche safi na kudhibiti vidukari.

Ncha za machipukizi zikinyauka na kukauka wakati wa mvua, maua yakidondoka, ni ukungu unaoshambulia ndimu ya kienyeji na kuiacha Tahiti. Kata ncha zilizokufa, choma, kisha nyunyiza kopa oksikloridi, gramu 50 kwa bomba la lita 16 hadi 20, mwanzoni mwa kuchipua na tena baada ya siku 14. Soma lebo, viwango vya viwanda hutofautiana.

Gundi ikitoka shinani karibu na ardhi, ganda likipasuka na kunuka uchachu, ni kuoza kulikoletwa na maji. Fukua udongo unaogusa shina, kwangua ganda lililooza mpaka ufikie lililo hai na sentimita moja zaidi, kisha paka uji wa mrututu (salfeti ya shaba): gramu 100 za mrututu kwa nusu lita ya maji, gramu 100 za chokaa kwa nusu nyingine, kila kimoja kwenye ndoo yake ya plastiki, kisha mimina pamoja ukikoroga. Usitumie chombo cha chuma. Kama kuoza kumezunguka zaidi ya nusu ya shina, usihangaike; ng'oa, na ukirudia kupanda hapo, panda kwenye tuta.

Kuna ugonjwa mmoja wa kuuzuia mlangoni. Kuanzia miaka ya 1970 mindimu ya Oman, hasa ukanda wa Batinah, iliangamizwa na ugonjwa unaofanya matawi yatoe kichaka cha majani madogo ya rangi mpauko kama fagio, bila maua, na mti hufa ndani ya miaka michache. Wenye ndugu Muscat au kwingine kwenye Ghuba wasilete vijiti wala miche kwenye mizigo. Ndimu kavu haina shida. Mche wa kijani ndio hatari.

Wadudu wachache wa kujua

Kiwavi anayefanana na kinyesi cha ndege juu ya jani ni mtoto wa kipepeo mkubwa mweusi na manjano. Akikomaa huwa wa kijani, na ukimgusa hutoa pembe nyekundu zenye harufu mbaya. Wawili wanamaliza mche wa kitaluni kwa wiki. Waokote kwa mkono asubuhi.

Michoro ya fedha inayozunguka ndani ya majani machanga ni kazi ya funza mdogo. Kwa mti mkubwa mwache. Usikate majani hayo. Kitaluni nyunyiza maji ya mbegu za mwarobaini, gramu 50 za mbegu zilizotwangwa kwa lita moja ya maji, ziloweke usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni chipukizi likiwa bado dogo.

Masizi meusi kwenye majani si ugonjwa wa kutibiwa wenyewe. Yanaota juu ya utamu unaomwagwa na vidukari au wadudu gamba. Nyunyiza maji ya sabuni, mililita 5 kwa lita, chini ya majani, na uzuie sisimizi wanaowachunga. Majimoto ni suala tofauti: hula kunguni na viwavi, kwa hiyo wakulima wengine huwaacha kwa makusudi. Lakini nao huchunga wadudu gamba, na mchumaji atakulaumu.

Kupata ndimu wakati sokoni hazipo

Mndimu huchanua unapopata maji baada ya kiu. Ndiyo sababu matunda ya kila mtu huiva pamoja na bei kuanguka. Ndimu ya kienyeji huchukua miezi mitano hadi sita kutoka ua hadi tunda, Tahiti mitatu hadi minne. Kwa hiyo ua la Julai ni ndimu ya kienyeji ya Desemba au Januari, wakati wa joto la kaskazi watu wanapotaka vinywaji.

Mwenye maji ya kumwagilia asimamishe kabisa masika yakiisha. Baada ya wiki tatu hadi nne kwenye mchanga, au tano hadi sita kwenye udongo mzito, majani yataanza kujikunja mchana na kuchelewa kukunjuka jioni. Hapo mwagilia kwa wingi siku mbili mfululizo, weka mbolea, kisha endelea kama kawaida bila kuruka. Maua yatatoka baada ya wiki tatu hadi nne. Ukiacha kiu ifike hatua ya majani kudondoka umepitiliza. Usifanye hivi kwa mti ulio chini ya miaka minne au wenye ugonjwa, na ukubali kwamba mvua moja ya ghafla inaweza kuharibu mpango wote.

Kuvuna na kuhifadhi

Chuma ganda likiwa laini na linang'aa, kijani kikianza kufifia. Kabla ya kuvuna mti, kata matunda matano ukamue. Makavu, subiri wiki moja. Subiri hadi saa nne asubuhi umande ukauke. Ganda lililojaa maji hupasuka vifuko vya mafuta linapobanwa, na kesho yake utaona madoa ya kahawia ambayo mnunuzi atayaita ugonjwa. Kata kwa mkasi ukiacha kikonyo kifupi kabisa; ndimu iliyonyofolewa huoza kuanzia kwenye tundu hilo.

Weka kivulini kwenye tenga au kreti, si gunia lililofungwa. Nje hukaa wiki moja hivi kabla ganda halijawa gumu kama ngozi. Zikiwa kwenye mfuko wa nailoni wenye matundu, ndani ya friji sehemu ya mboga, hufika wiki tatu au nne. Baridi kali sana huzitia mashimo meusi. Zilizodondoka zitumie siku hiyo.

Jikoni

Viringisha ndimu mezani kwa kiganja kabla ya kukata, na kata mlalo, si kuanzia kikonyoni. Moja ya kienyeji hutoa vijiko viwili hadi vitatu vya chai. Usiponde mbegu na ganda: uchungu hautokei papo hapo bali baada ya muda, ndiyo sababu juisi iliyosagwa pamoja na maganda hunyweka sasa hivi na kuwa shubiri jioni. Kwa lita moja na nusu ya kinywaji, ndimu sita, gramu 130 za sukari na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba vinatosha. Ziada igandishe kwenye trei za barafu. Hukaa miezi mitatu.

Samaki wa kilo moja apakwe chumvi na juisi ya ndimu tatu kwa dakika 15. Akikaa saa mbili nyama yake hubadilika rangi na kumeguka kwenye kikaango. Mchuzi wa nazi utie ndimu baada ya kuepua, la sivyo tui hukatika. Na usipike vitu vya ndimu kwenye sufuria ya aluminiamu.

Achari. Kilo moja ya ndimu zilizoiva njano, zioshe, zikaushe kabisa. Pasua kila moja mara nne bila kuifikisha mwisho, toa mbegu. Jaza ndani gramu 180 za chumvi iliyochanganywa na kijiko cha chai cha manjano, shindilia kwenye chupa ya kioo kavu, ongeza juisi ya ndimu nne au tano mpaka zifunikwe. Funika kwa kitambaa, weka juani mchana, ingiza ndani jioni, tikisa kila siku. Baada ya wiki mbili hadi tatu ganda litakuwa laini na rangi ya kahawia hafifu. Hapo kaanga kwenye kikombe kimoja cha mafuta mbegu za haradali, kitunguu saumu na pilipili ya unga, acha yapoe, changanya. Ukungu mweupe huja kwa kipande kilichochomoza juu ya maji yake, kijiko chenye unyevu, au chumvi uliyoipunguza kwa huruma. Mfuniko wa bati huliwa na kutu. Tumia wa plastiki.

Kukausha kunafaa ndimu za kienyeji tu, ndogo na zenye ganda jembamba. Chemsha maji lita 2 na chumvi gramu 100, tumbukiza ndimu nzima dakika tatu, chuja. Zianike juu ya wavu unaopitisha hewa chini, zigeuze kila siku, ziingize usiku. Miezi ya masika usijaribu, zitaota ukungu. Jua likiwa zuri zinachukua wiki tatu hadi sita. Iliyokauka ni nyepesi, kahawia hadi nyeusi, na ukiitikisa unasikia kitu kikicheza ndani. Inayobonyea bado, ikiwekwa kwenye kopo itaharibu nyingine. Kopo lisiloingiza hewa huzitunza mwaka mzima. Unapopika pilau au mchuzi wa nyama, toboa mbili kwa ncha ya kisu zitumbukizwe nzima mapema, au zipasue utoe mbegu kisha usage, kwa kuwa mbegu ndizo zinazotia uchungu.

Ukikamua ndimu nyingi nje, osha mikono na midomo kwa sabuni kabla ya kukaa juani, na wazuie watoto kuchezea maganda mchana. Mafuta ya ganda yakipigwa na jua juu ya ngozi huunguza: malengelenge hutokea baada ya siku moja au mbili, na doa jeusi linalobaki huchukua wiki au miezi kufifia.